Upande Aliokosa Baba Magdalena

Nakumbuka siku moja ya kikao cha wazazi, nikiwa mwalimu kijana hapa Mbulu, nina sweta jipya na maringo tele. Mwanangu, umepangiwa shule juzi tu na tayari unaniuliza namna ya kuwafundisha watoto wenye vipaji kwa mdahalo. Basi sikiliza, na chai hiyo usiiache ipoe.

Nilikuwa na binti mmoja darasani, Magdalena, mtoto wa wafugaji wa Getanuwas. Akianza kuongea, hata walimu tulinyamaza. Nikataka wazazi wamwone. Kusema kweli, nilitaka wanione mimi. Nikaweka mada: wafugaji wapunguze ng'ombe. Magdalena nikampa upande wa kuunga mkono. Wa kupinga nikampa kijana mpole wa Maretadu, ambaye kwao ni mahindi na maharage, na ng'ombe aliowajua ni wawili wa kukamua. Nilimpanga ili ashindwe.

Akashindwa, na watu wakapiga makofi. Baba yake Magdalena alikuwa amesimama nyuma kabisa na fimbo yake. Yeye hakupiga. Alimwambia binti achukue sanduku lake, wakaondoka.

Wiki nzima kitanda chake bwenini kilikuwa kitupu. Niliogopa, nasema wazi, kwamba nimemkatisha masomo mtoto bora kuliko wote niliowahi kufundisha. Nikapanda basi, kisha bodaboda, hadi Getanuwas.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu."

Nikamweleza kwamba kwenye mdahalo mtoto hupewa upande, si lazima auamini. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Sawa, yeye ulimpa upande," akasema. "Na upande wangu ulimpa nani? Kwetu kwenye kikao, mtu asiyeweza kujisemea hutafutiwa msemaji, tena anayejua kusema. Mimi ulinitafutia mtoto asiyejua hata ng'ombe wangu wanakunywa wapi."

 Aibu ilinishika. Nikamwomba amlete siku moja tu, mada ileile, Magdalena apinge, na yeye akae asikilize.

Yule kijana wa Maretadu nilikaa naye siku tatu nikimwandaa kuunga mkono, na siku ilipofika alimbana Magdalena kwelikweli. Binti akaeleza habari za ng'ombe wa mahari, wa msiba, wa mwaka wa njaa. Hoja zake za mdahalo wa kwanza akazibomoa mwenyewe, moja baada ya nyingine. Walipomaliza, baba akainuka. Nikajua sasa anamchukua moja kwa moja.

"Siku ile alinishinda," akasema. "Leo amenisemea vizuri kuliko ninavyoweza kujisemea. Mrudishieni kitanda chake."

Mwanangu, mtoto mwenye kipaji hushinda kirahisi, na kushinda kirahisi kunamharibu. Mpe mpinzani aliyeandaliwa. Kabla hajajibu, arudie hoja ya mwenzake mpaka mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema. Halafu mgeuzie upande, hasa ule unaowahusu watu wa kwao. Na usimtumie kujionyesha, kama nilivyofanya mimi.

Mungu akupe wanafunzi wanaokuzidi akili, na akupe moyo wa kufurahi wakikuzidi. Haya, maliza chai uwahi basi.