Laptop Yangu Ndiyo Pekee Iliyobaki na Historia ya Zamani

Admin, naomba jina langu lisionekane, na hata ukiitambua ofisi yetu usiitaje. Ujumbe huu nimeuandika nikaufuta, nikauandika tena. Naogopa, nasema wazi.

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Igoma na mama yangu. Nimesomea kompyuta, nimeajiriwa kwenye kaofisi kadogo hapa Mwanza. Tupo watatu tu: bosi wetu, nitamwita Kaka D, kijana mwenzangu nitamwita Yusuf, na mimi. Tumetengeneza mfumo wa tiketi wa boti inayobeba abiria kwenda visiwani. Kazi ninayojivunia kuliko zote humo ni kipande kidogo nilichokiandika mwenyewe: tiketi zikifika idadi ya watu ambayo boti inaruhusiwa kubeba, kimashine cha tiketi kinagoma. Ulie, utukane, uwe hata shemeji wa nahodha, kinagoma. Mama anapeleka mitumba visiwani kila wiki, na alishaachwa mwaloni, pale boti inapopakia, na marobota yake kwa sababu hiyo. Alirudi nyumbani amenuna, mimi nikawa namcheka.

Mwezi uliopita tulifiwa na bibi, huko Misungwi. Niliondoka ghafla, laptop nikaifungia kabatini nyumbani. Kaka D ana utaratibu wake kwamba mtu akienda likizo laptop anaiacha ofisini, lakini siku ya msiba nani anakumbuka utaratibu? Baada ya maziko mama aliwahi kurudi kwenye biashara yake, mimi nikabaki kusaidia.

Niliporudi, tukiwa tunachambua dagaa, mama akaniambia, "Mwanangu, kale kamashine kenu siku hizi kana huruma. Hakakatai mtu! Safari iliyopita tulibanana mpaka maji yanaingia pembeni, ila tulifika, Mungu mkubwa."

Dagaa niliwaacha palepale, nikaenda kuiwasha laptop.

Niwaeleze kidogo ili mnielewe. Tunatumia kitu kinaitwa Git. Kila mmoja wetu ana mradi mzima kwenye laptop yake, siyo kazi ya leo tu, bali na historia yake yote: nani alibadilisha nini, lini, na alitoa sababu gani. Nakala nyingine iko kwenye seva, tunavuta kutoka kule na kusukuma kwenda kule. Aliyenifundisha haya ni Kaka D mwenyewe, kwa uvumilivu ambao hata kaka wa tumbo moja hana. Alipenda kusema, "Hata ofisi ikiungua, ikipona laptop moja, mradi wote umepona."

Sasa nikavuta mabadiliko mapya. Ikakataa. Ikaniambia historia yangu na ya seva zimeachana. Nikafungua programu ya kuangalia historia, ile inayochora mistari ya rangi kama matawi. Pale nilipozoea kuona mstari mmoja, ilikuwepo miwili. Nikaifuata chini taratibu mpaka ilipoachania. Kwenye mstari wangu kulikuwa na badiliko la Kaka D, nililivuta kabla tu ya msiba bila kulisoma. Maelezo yake yanasema, "Kupendezesha muonekano wa tiketi." Nikalifungua. Muonekano haujaguswa hata kidogo. Kilichofutwa ni kile kipande changu cha kuzuia. Kwenye mstari wa seva lipo badiliko lilelile, saa ileile, maelezo yaleyale. Ila jina la aliyelifanya ni langu.

Nikampigia Yusuf, sauti yake ikawa ya chini kama yuko kanisani. "Dada, Kaka aliniambia nifute mradi wote nivute upya, eti seva ilipata hitilafu. Nikafuta. Mimi naomba unitoe kwenye hayo mambo."

Sikuwa hata nimeiweka simu chini vizuri, Kaka D akapiga.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Pole na msiba. Umevuta chochote?"

Nikasema imekataa. Akasema kwa upole uleule wa siku zote, "Usiguse kitu. Kesho asubuhi nitapita hapo kwenu niichukue, nikuwekee upya." Miaka yote niliyofanya naye kazi hajawahi kukanyaga Igoma. Sijawahi hata kumwelekeza nyumbani.

Nimejaribu kurudisha kipande changu, seva inanijibu sina ruhusa. Nimehamisha nakala kwenye flashi nikaificha, lakini itanisaidia nini? Jina kwenye Git mtu anaandika analotaka. Nikienda kwa wakubwa wa bandari, Kaka D atasema mimi ndiye niliyeghushi historia ya laptop yangu, na seva, laptop yake na ya Yusuf zote zitasema kama yeye. Na roho inaniuma, maana huyu ndiye aliyenifanya niwe mtu.

Nimemwambia mama kizuizi kimeondolewa, asipande boti kesho. Amenicheka. "Si kamashine kako mwenyewe? Nisipoamini kazi ya mwanangu, niamini ya nani?" Marobota ameshayafunga, yako mlangoni ninapoandika hapa.

Boti inaondoka asubuhi, na Kaka D anakuja asubuhi hiyohiyo. Nikimsubiri na hii laptop, mama anaondoka. Nikimfuata mama mwaloni nikapiga kelele watu wasipande, watauliza nani aliondoa kizuizi, wataangalia seva, na jina watakalolikuta ni langu. Na boti ikizama, watalikuta hilohilo.

Ndugu zangu, wewe ungekuwa mimi ungeanzia wapi? Nijibuni mapema, mama anawahi sana kuamka.