Shangazi Kemilembe, Baiskeli na Ganda la Mgomba

Juzi sokoni Mwanza nilisimama kwa muuza nyanya. Akavuta ganda bichi la mgomba alilokuwa ametandika chini ya tenga, na ile harufu ikanijia puani bila hodi. Sijui niielezeje kwa mtu ambaye hakukulia kwetu. Ni harufu ya maji yaliyokaa gizani muda mrefu, ya baridi, yenye uchachu kwa mbali. Mama wa watu ananiuliza nachukua fungu lipi, na mimi nimeshafika Karagwe, niko juu ya kilima nyuma ya nyumba ya babu, makalio yamelowa, nasubiri zamu yangu.

Kwetu mgomba una kazi nyingi, na hii yetu sisi watoto haikuwa katika hesabu ya wakubwa. Mkungu ukishakatwa, gogo huangushwa na maganda yake hutandazwa kibanjani, shambani mwa migomba, yaoze, yalishe migomba mingine. Sisi tulidokoa yale ya ndani, meupe, yanayoteleza, tukakimbia nayo hadi kwenye mteremko wa nyasi. Unakaa, unashika ncha ya mbele, mwenzako anakusukuma, yaliyobaki unamwachia Mungu. Nguo zetu zote zilikuwa na madoa ya utomvu, na utomvu wa mgomba hauijui sabuni. Mama zetu walituchapa kwa sababu ya madoa, si kwa sababu ya kuteleza.

Lakini sisi tuliteleza tumekaa. Shangazi Kemilembe aliteleza amesimama.

Alikuwa binti wa mwisho wa babu, mdogo wake baba, fundi cherehani pale Nyakahanga kwenye kibaraza cha duka lililo karibu na njia ya hospitali. Manesi walimletea sare zao apunguze kiuno, wakulima walimletea suruali za kutia viraka. Msimwone kama msichana mdogo; alikuwa mtu mzima, mwenye wateja wake na kitenge chake cha Jumapili. Ila chini ya kila gauni alilovaa kulikuwa na kaptula aliyoishona mwenyewe, na sisi wapwa wake tulijua kaptula ile ni ya nini.

Asubuhi alipanda baiskeli kwenda kazini, vitambaa vya watu vimefungwa nyuma kwenye keria. Jioni hakurudi kwa njia iliyonyooka kama wenye akili zao. Alizunguka mgongo wote wa kilima, akapanda pale ambapo wanaume hushuka wakasukuma, kisha akashuka bila kukalia tandiko, magoti yamekunjwa, gauni linapepea. Jumamosi alicheza mpira wa pete na akina mama wa usharika. Kiangazi aliogelea kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe, huko kwenye nyika za wafugaji, ng'ombe wakimtazama kwa mshangao. Na Jumapili, baada ya ibada, mvua ikiwa imenyesha, alivua kitenge, akakikunja vizuri, akampa mmoja wetu amshikie, kisha akachagua ganda pana kuliko yote.

Nisikilizeni. Nimewahi kuona watu wengi wakifanya mambo makubwa, lakini sijaona kitu kilichonifurahisha kama kumwona shangazi akishuka mlima ule. Aliweka mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, akakaza tumbo, akalegeza mabega. Ganda likaanza taratibu, likashika kasi, na yeye amesimama tu, mikono imefunguka, anacheka kwa sauti hadi bondeni. Aliwahi kuona kwenye runinga ya kibanda cha mpira Wazungu wamesimama juu ya ubao, wimbi la bahari linawasukuma. Alirudi akatusimulia kwa huruma.

"Kumbe na wao wanateleza," alisema. "Ila migomba hawana, masikini. Wanateleza na maji."

Babu hakuyapenda haya. Babu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kibanja safi na maneno machache, na baiskeli ile ya chuma kizito aliinunua yeye siku shangazi alipoanza kazi. Hakuweza kumlaumu kwa uvivu, maana nguo ya mtu haikuchelewa hata siku moja. Alichoshindwa kumeza ni hiyo michezo mingi kwa pamoja.

"Kemi, baiskeli ni punda wa nyumba," alimwambia mbele yetu, tunamenya ndizi. "Punda hachezewi."

"Ninamtunza vizuri, Tata," akajibu, akimwita baba kwa lugha ya kwetu.

"Mshika mbili moja humponyoka. Wewe umeshika ngapi?"

Shangazi akaweka kisu chini, akainua mikono. "Huu ni wa baiskeli, huu ni wa ganda. Mpira wa pete nimeubana kwapani."

Tulicheka hadi bibi akatufukuza jikoni. Babu hakucheka, au kama alicheka alicheka kwa ndani, kama kawaida yake.

Sasa, kaka yake shangazi, baba mdogo Mujuni, alikuwa anabeba ndizi kichwani kutoka kibanjani hadi barabarani yanakosimama malori. Shingo ilikuwa inamuuma kweli, sitamsema vibaya. Jumapili moja, nje ya kanisa, mbele ya wazee wenzake babu, akaomba apewe baiskeli, kwa kuwa dada yake anaichezea tu. Wazee wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Babu akabanwa kila upande.

Wiki ile vijana wa usharika walikuwa wanaandaa mashindano ya baiskeli kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Si mashindano kama ya mjini. Kila mwendeshaji alifunga mkungu mzima wa ndizi kwenye keria kwa mpira wa tyubu, akaanzia Nyakahanga, akamalizia mlangoni mwa kanisa, na mkungu ule ndio ulikuwa sadaka yake. Asiyefika na mkungu alihesabiwa hajafika. Hakuna aliyetangaza kwamba wanawake hawaruhusiwi, kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba yuko mwanamke wa kuja.

Babu akatazama wazee, akamtazama binti yake, akasema, "Kemilembe atashindana. Akifika wa kwanza, baiskeli ni yake, na asiulizwe tena anakokwenda nayo. Asipofika wa kwanza, Jumatatu anamkabidhi Mujuni."

"Nimekubali, Tata," shangazi akajibu, akapiga goti kidogo kwa heshima.

Na kwetu neno la mzee likishasemwa nje ya kanisa mbele ya wenzake, limesemwa. Hakuna wa kulirudisha.

Mwaka ule mvua zilichelewa sana. Mlima wetu ulikauka, nyasi zikawa zinachoma, na tangu kiangazi kianze hakuna aliyeteleza. Maganda yote tuliyodokoa yalinyauka bure uani. Shangazi alipita pale kila jioni na baiskeli yake, akisimama juu ya pedali, mkungu wa mazoezi nyuma, lakini macho nilimwona anayatupa kwenye ule mteremko kama mtu anayepita nje ya nyumba ya rafiki aliyesafiri.

Siku ya mashindano ndipo mbingu ilipofunguka. Mvua ilimwagika asubuhi kwa fujo, vijana wakaanza safari ndani ya mvua hiyo hiyo, na ilipokatika jua lilitoka likakuta kila kitu kinang'aa. Sisi watoto tulikuwa juu ya kilima chetu, maana njia ya mashindano ilipita pale, ikashuka bondeni kwa kuzunguka, ikapanda hadi kanisani kwenye kilima cha pili. Kutoka uwanja wa kanisa ulituona vizuri kabisa, na sisi tuliwaona wao, wamejaa na miamvuli yao. Tulitumwa kushangilia. Lakini nyasi zilikuwa zimelowa, jamani! Tulishangilia kidogo, kisha tukakimbilia maganda mabichi kibanjani.

Shangazi alitokea peke yake. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Wale vijana waliotoka Kamuli, wanaosomba ndizi na kahawa kwa baiskeli mwaka mzima, wenye mapaja ya kuogopesha, walikuwa wamekwama kwenye tope jekundu la mpandoni, wanasukuma. Yeye tope lilimjua. Lilipovuta gurudumu upande, aliliacha livute, akalegeza kiuno, akaendelea. Gauni lake la njano lilikuwa limegeuka kahawia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Moyoni nilishaiona baiskeli imekuwa yake, na babu kanyamaza, na baba mdogo Mujuni karudi kubeba kichwani.

Alifika tulipokuwa. Akapunguza mwendo. Akatazama mteremko.

Nilidhani mnyororo umekatika. Akashuka, akaiegemeza baiskeli na mkungu wake kwa fimbo ya panda, taratibu, ndizi zisichubuke. Kisha akanijia mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa na ganda pana.

"Koku, niazime."

"Shangazi, mashindano!"

"Najua, mama. Niazime mara moja tu."

Nikampa. Ningefanya nini? Akavua viatu, akaweka mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, akasukuma ardhi.

Nimejaribu mara nyingi kuwasimulia watu mteremko ule na sijawahi kufaulu. Nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja kwa uzito wa maji, na yeye alipita juu yake bila kelele yoyote, anarusha matone kushoto na kulia. Katikati kuna kichuguu cha zamani kilichoota majani. Sisi wote tulikikwepa. Yeye alikipanda, akaruka, akatua bado amesimama. Kutoka kilima cha pili tukasikia vigelegele. Akina mama wa usharika walisahau sikukuu, walisahau miamvuli, walipiga vigelegele kama mwanamke kajifungua mapacha.

Kushuka ni kufumba na kufumbua. Kupanda ndiyo shughuli. Alikuwa nusu ya mlima, ganda kichwani, anahema, vijana wawili wa Kamuli walipopita pale juu wakipiga kengele.

"Shangazi, wanapita!" nilipayuka, nimeanza kulia.

"Waache wapite, njia ni ya wote."

Alifika juu, akanirudishia ganda langu, akasema asante. Akavaa viatu, akatoa fimbo, akaondoka. Aliwafukuza kweli kweli, wala hakujivuta. Kwenye mpando wa mwisho alimkaribia mmoja hadi tukadhani atampita. Akafika wa tatu. Mkungu wake haukuwa na mchubuko.

Tulikimbia kwa njia ya mkato tukamkuta mlangoni mwa kanisa, kasimama mbele ya babu, tope mpaka kwenye nyusi. Babu alikuwa ameona kila kitu, kama alivyoona kila aliyekuwa na macho.

"Kemilembe," akasema polepole, "uliona nini pale?"

"Tata, nyasi zilikuwa zimelowa."

Hakuomba radhi wala hakujitetea. Babu akaufungua mkungu yeye mwenyewe, akaubeba begani akaupeleka ndani.

Jumatatu shangazi aliiosha baiskeli, akaupaka mnyororo mafuta, akamkabidhi baba mdogo Mujuni pamoja na spana na pampu. Alimwonyesha breki ya nyuma inavyotaka kubembelezwa. Halafu akatia vitambaa vya wateja kwenye beseni, akajitwisha, akaenda Nyakahanga kwa miguu. Nilimkasirikia. Niliona ametuangusha, amechezea kitu kizuri kwa upuuzi wa nusu dakika, na kwa siku nyingi sikumsalimia mpaka mama aliponifinya.

Yeye hakununa. Baada ya muda tukasikia anarudi jioni anakimbia, viatu mkononi, anashindana na bodaboda kwenye mteremko, akisema amepata mchezo mwingine. Mpira wa pete aliendelea nao, bwawa aliendelea nalo. Jumamosi baba mdogo Mujuni, ambaye ana moyo kuliko anavyoonekana, akawa anaisahau baiskeli uani makusudi. Na babu, mpaka anaingia kaburini, sikumsikia tena akimwambia mtu yeyote kwamba mshika mbili moja humponyoka.

Siku moja, nikiwa tayari niko sekondari, nilimuuliza shangazi kama hakujua kwamba akisimama atakosa baiskeli.

"Nilijua," alisema, uzi uko mdomoni. "Nilijua tangu nilipoona nyasi. Ndiyo maana nilishuka haraka, nisije nikapata akili."

Nilicheka, sikuelewa. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mtu hucheza ili ashinde, na akishinda apate, na akishapata atulie. Sasa nina kazi ya ofisini na magoti yanayolia nikipanda ngazi, na kila wiki najiambia nitakwenda kuogelea ziwani, nitanunua baiskeli, nikimaliza hili na lile. Ziwa naliona dirishani. Ndipo nikamwelewa. Siku ile nilidhani nimemwona shangazi yangu akipoteza baiskeli. Kumbe nilimwona mtu mzima akiichagua furaha yake mchana kweupe, mbele ya baba yake na kanisa zima, akijua bei yake, na Jumatatu akailipa bila kinyongo.

Washindi nimewaona wengi tangu hapo. Mwingine kama yule sijamwona bado.