Kiwanja cha Zahanati Mhelule

Evarista Ndahani alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha Mhelule, upande wa Kongwa, pale habari iliyosubiriwa miaka mingi ilipofika kwenye halmashauri ya kijiji: zahanati itajengwa, kazi ya wanakijiji ni kutoa kiwanja.

Mtendaji wa kijiji, binti wa Rungwe aitwaye Bupe, alipendekeza uwanda ulio kando ya barabara. Bomba la maji linapita jirani, na hakuna anayepalima.

"Hapalimwi kwa sababu wamelala watoto wetu," Evarista akasema.

Wajumbe vijana wakatazamana. Ikabidi aeleze. Wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1974, familia zilizokuwa zikiishi mbalimbali na mifugo yao nyuma ya vilima zililetwa hapo kwa malori, pamoja na vyungu na kuku wao. Yeye alikuwa na miaka sita. Watu walilala nje huku wakisimamisha tembe zao, na kabla ya mavuno ya kwanza surua ikaingia. Watoto walizikwa uwandani harakaharaka, juu yao mawe machache. Mmoja wao alikuwa Hilda, mdogo wake Evarista. Mawe hayo baadaye mengine yalisombwa na mvua, mengine yakaishia kwenye misingi ya nyumba. Watu waliohamia baadaye walichunga mbuzi pale bila kujua lolote.

"Peleka Mlimani," akamalizia. Mlimani ni kitongoji cha ng'ambo ya korongo.

Silvano, mjumbe wa siku nyingi, akapinga. "Mama Mwenyekiti, hao watoto tunawaheshimu. Lakini mvua zikichanganya, korongo lile hata punda havuki. Mgonjwa atavukaje?"

"Atavuka kama tulivyovuka sisi."

Kura zikapigwa, Mlimani ikashinda. Evarista akarudi nyumbani roho yake nyeupe.

Alikuwa akiishi na mama yake, Yudith, aliyekuwa amepita miaka themanini. Akamkuta anapepeta uwele, akamsimulia yote.

"Nani alikutuma?" Yudith akauliza.

"Mama, si pale alipolala Hilda?"

Bibi akaweka ungo chini. "Hilda alinifia mgongoni, njiani, nampeleka misheni kutafuta dawa. Sikufika. Niligeuka, nikarudi naye vilevile nimembeba. Leo dawa zinaletwa mpaka pale alipolala, halafu wewe, mwanangu wa kumzaa, unazisukumia ng'ambo ya korongo?"

Evarista alikuwa akiamini kwamba mdogo wake alifia nyumbani. "Hukuwahi kuniambia."

"Ulikuwa mtoto. Ulipokua ukawa na mambo yako." Akaokota ungo, akaendelea kupepeta.

Kwa siku kadhaa Evarista hakukanyaga ofisini, akajisingizia palizi. Kukosea si kitu kilichomsumbua sana. Shida ilikuwa kurudi mbele ya watu aliowashinda na kuwaambia walikuwa sahihi. Hatimaye akajifunga kitenge, akaenda.

"Shikamoo, Mama," Bupe akampokea.

"Marahaba. Itisha kikao. Nataka uamuzi wa kiwanja urudishwe mezani."

"Mama, watasema hatujui tunachotaka."

"Watanisema mimi. Wewe itisha."

Walimsema kweli. Watu wa Mlimani walikuwa wameshafyeka vichaka na kung'oa visiki. Castory, mjumbe wao, alisimama akiwanyooshea viganja. "Mikono yetu bado ina malengelenge! Sisi ni wanakijiji au ni watoto wa kuchezewa?"

Evarista hakujitetea. Alisimulia safari ya mama yake ya misheni, akaeleza jinsi alivyogeukia njiani na kwa nini, kisha akasema, "Nilikataa kwa uchungu wangu, sikumuuliza mwenye uchungu mkubwa kuliko wangu. Naomba tupige kura upya."

Silvano hakumcheka. Alishauri kwamba kabla ya kura waulizwe kwanza kina mama wote waliozika pale na bado wako hai. Walikuwa wachache. Wakapelekwa uwandani, wakazunguka, wakabishana kwa Kigogo. Hakuna aliyeweza kusema kaburi lipi ni la mtoto wa nani. Yudith naye alisimama muda mrefu mahali pamoja, kisha akasogea pengine, kisha akakiri kwamba hajui.

Ikakubaliwa kwamba upande wote wa mashariki, ambako wengi wao walielekeza, uachwe na kuzungushiwa ua wa minyaa, jengo lisogezwe lielekee barabarani. Mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha, ingawa watu wengi wa Mlimani waliondoka kabla haujafungwa. Siku ya kuchimba msingi katekista aliomba, na wazee wakamwaga pombe ya mtama kidogo upande wa makaburi. Hakuna aliyeona ubaya.

Zahanati sasa inafanya kazi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024 ulipofika, Evarista aliponea chupuchupu. Castory alimfuata, akamwambia wazi:

"Mwenyekiti, kwetu hukupata kura. Yangu pia hukuipata."

"Nimeona."

"Tunataka kivuko pale korongoni."

"Lete hoja kikaoni, nitakuunga mkono."

Aliileta, na Evarista akamuunga mkono. Maombi yamekwenda wilayani, majibu bado. Mvua za mwaka huu zimewakuta watu wa Mlimani wakivuka kwa kushikana mikono.