Nusu Ukurasa wa Bwire

Mwanangu, ipo siku moja ambayo ikinijia mpaka leo naacha ninachofanya. Nilikuwa kijana, karani mpya katika ofisi ya serikali hapa Mwanza, nilipoletewa habari kwamba mdogo wangu Bwire amezama. Alikwenda kuvua dagaa na wenzake wawili, upepo ukawakuta mbali. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana tena.

Nikapanda meli kwenda nyumbani Ukerewe. Tulikaa ufukweni tukingoja ziwa limrudishe, halikumrudisha. Siku ya kuanua matanga, baba yangu, mtu wa maneno machache, alisimama akasema, "Kuanzia leo jina la huyu mtoto lisitajwe humu ndani. Mama yenu hataweza." Nadhani kwa namna yake alikuwa anamlinda mama.

Dada yake mama hakunyamaza. "Shemeji, usifanye hivyo," alimwambia. "Kaburi hana. Mkiacha hata kumtaja, atabaki wapi?"

Lakini kwetu, baba akishasema, yamekwisha. Nguo za Bwire ziligawiwa, kitanda chake kikatolewa, nasi tukazoea. Unajua, mtu huzoea hata jambo ambalo hakupaswa kulizoea.

Miaka mingi baadaye baba alitangulia, mama akazeeka, nikamleta kwangu Kiseke nimuuguze. Mchana mmoja nilikuwa namnywesha uji akanishika mkono.

"Bwire alikuwa na sauti gani?" aliniuliza. "Nimeisahau."

Nilifungua mdomo nimwambie, nikakuta hata mimi sina. Nilikumbuka kwamba alikuwa mwembamba, na kwamba alipenda viazi vitamu vilivyoungua kidogo. Nikamwambia hayo ya viazi. Mama akatabasamu, akasema, "Ndiyo. Viazi." Wiki ile ile akafariki.

Nilipostaafu, wenzangu walinunua ng'ombe, wengine wakafungua maduka huko Nyegezi. Mimi nikaanza kuzunguka mialoni, kule mitumbwi inakoshusha samaki. Niliwaomba vijana wavae jaketi okozi, nikakaa na familia zilizopoteza watu wao ziwani, na waliokubali niliandika habari za hao watu wao. Uandishi sikuujua. Nilizoea ripoti za ofisini, na kurasa zangu za kwanza zilikuwa kavu vilevile.

Mama mmoja anayeanika dagaa, Nyanjige, alinikatalia. "Mzee, shikamoo. Ila hayo mambo mimi nimeshayafunga."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuelewa," nikamjibu, na sikumsumbua tena. Nilikuwa napita tu kumsalimu, wakati mwingine namsaidia kugeuza dagaa kwenye vichanja. Binti yake, Neema, alizaliwa baba yake akiwa ameshazama. Siku moja aliporudi kutoka shuleni aliniuliza mama yake akisikia, "Babu, wewe ulimfahamu baba yangu?"

"Hapana, mjukuu wangu. Anayemfahamu ni mama yako."

Nyanjige aliendelea kugeuza dagaa. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Baba yako alikuwa anaogopa nyoka. Mwanamume mzima, akisikia nyoka anapanda kitandani na viatu."

Neema akacheka. Mama yake naye akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, tukamshika tukamkalisha chini. Alipotulia alisimulia mpaka jua likazama, na binti hakuondoka pale.

Habari zote nilizoandika nikazifanya kitabu, na kilipotoka niliwapelekea. Nasikia Neema humsomea mama yake sura inayomhusu baba yake, na Nyanjige humkatiza kila mara kuongeza jambo alilosahau kuniambia.

Lakini ngoja nikuambie linaloniuma. Kila mtu mle ana kurasa zake, ila Bwire wangu ana nusu ukurasa tu. Niliwatafuta wale wenzake wa mtumbwi. Mmoja alikwishafariki. Mwingine ni mzee aliyepoteza kumbukumbu. Alinitazama kwa upole akaniuliza Bwire ni nani. Hakukuwa na mwingine wa kumwendea. Nikaandika jina lake, wembamba wake, na vile viazi, nikaweka kalamu chini. Miaka yote niliyofanya kazi ya kuandika, sijapata kuandika kitu kigumu kama hicho.

Kwa hiyo, mwanangu, msiba ukikupata usiufungie mlango. Mtaje mtu wako mkiwa mnakula, wasimulie watoto alivyotembea, alivyotania, hata vituko vyake. Kama una mzazi au bibi aliye hai, usingoje likizo. Kaa naye, umuulize aliowapoteza walikuwa watu wa namna gani. Akilia, mwache alie, nawe usiondoke. Tulidhani kunyamaza kungetupunguzia uchungu. Uchungu ulibaki, ndugu yetu ndiye aliyetupotea.

Mungu akulinde majini na nchi kavu. Akupe umri mrefu na nyumba yenye mazungumzo, na siku utakapoondoka wewe, asikosekane mtu wa kuwaeleza wajukuu zako ulivyokuwa unacheka.