Kigutu cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa mawe, mtu wa magharibi mwa Kenya, na hakuwahi kunisamehe kwa kutoka kwetu Ukambani, kwa wachawi, alivyodai. Mwanzoni mwa miaka ya sabini ukuta ulimwangukia kazini. Akakatwa mguu juu ya goti, na mume wangu akamleta kwetu Dagoretti Corner, Nairobi, vyumba viwili nyuma ya maduka.

Jeraha lilipona, maumivu yakabaki. Shuka ikigusa tu kigutu, alipiga mayowe kama aliyeshika waya wa stima. Daktari alisema ni mawazo. Kigutu kifungwe bendeji ya kubana asubuhi na saa tisa alasiri, kizoee.

Saa tisa mume wangu alikuwa kazini. Kwao mke wa mwana hamgusi baba mkwe, sembuse pajani. Basi mzee alijifunika uso kwa taulo, nami nikafunga huku matusi yakipenya kwenye taulo.

"Binti ya watu, umenipaka nini hapo? Dawa ya kwenu?"

"Ni bendeji, Baba."

"Kabla ukuje kwetu nilikuwa na miguu mbili."

Siku moja aliniita mchawi mbele ya jirani aliyekuja kuomba makaa. Nilimpa jirani makaa, akatoka. Kisha, tulipoanza kufunga bendeji, nikatafuta pale palipomuuma zaidi, nikabonyeza kwa kidole gumba. Makusudi. Sikuwa ninatibu.

Alipiga ukemi, taulo likaanguka, tukatazamana. Lakini chini ya kidole changu palikuwa na kitu kigumu, kama punje ya ndengu, kikiteleza.

Nilimpeleka kliniki mwenyewe.

"Mama, tulishasema ni mawazo," daktari alisema, bila kuniangalia.

"Weka kidole hapa."

Akaweka. Mzee akamtukana kwa lugha ya kwao. Daktari akachoma sindano ya ganzi palepale, na mzee akatulia kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu. Mshipa wa fahamu uliokatwa, daktari aliieleza faili yake, si mimi, ulikuwa umeota kinundu nchani. Wakampasua tena, wakakitoa, wakaizika ncha ndani ya nyama.

Alipoweza kuvaa mguu wa bandia alirudi kwao. Aliagana na mwanawe, na watoto, hata na yule jirani. Mimi nilisimama mlangoni na chai yake mkononi. Akanipita.

Huko, nilisikia, alisimulia kwamba daktari ndiye aliyekiona kinundu. Habari ya kidole hakumwambia mtu. Wala mimi sikumwambia mume wangu.