Nilifukiza Santuri ya Baba Mkwe

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Nimelibeba jambo hili kifuani hadi nimechoka, na sasa nawaambia nyinyi msionijua, maana wanaonijua wamekwisha kunicheka vya kutosha.

Mimi ni mke wa mtu hapa Malindi. Mume wangu anafanya kazi Kilifi na hurudi Jumamosi, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tunabaki wawili, mimi na baba yake. Mama mkwe alifariki zamani. Baba alikuwa mpiga gitaa kwenye hoteli moja ya Watamu, na mgeni mmoja Mwingereza alipoondoka alimwachia santuri ya muziki wa blues. Humo vijana wa Kiingereza wanaimba kwa uchungu, utadhani wamefukuzwa na wazazi wao! Baba anaipenda santuri ile kuliko sisi sote, na wala hafichi.

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana huiweka kwenye gramafoni. Upande wa pili, wimbo wa pili, ilikuwa na mkwaruzo. Sindano ikifika pale ilikuwa ikiruka, na mwimbaji anarudia "beibi, beibi, beibi" bila kuchoka. Baba alikuwa akimwachia mara tatu, ya nne anagonga meza kwa kidole na wimbo unaendelea. Mimi nacheka, yeye anacheka, nammiminia chai.

Sasa, asubuhi moja kabla ya Idi, nilikuwa nafukiza nguo. Mnajua mambo yetu ya Pwani: makaa kwenye chetezo, udi juu yake, kisha ile fremu ya miti unayotandazia nguo zishike harufu. Nilipomaliza kanzu za baba nikaikumbuka santuri. Ilikuwa ikinuka uvundo wa kabati. Nikasema moyoni, mzee atafurahi Idi hii! Nikaitoa kwenye jalada lake, nikailaza juu ya fremu, nikaenda jikoni kukaanga mahamri.

Jamani! Niliporudi ilikuwa imepinda huku na huku kama chapati ya jana. Ilinukia, hilo siwezi kukataa.

Hapo ndipo ilinipasa niseme. Baba angerudi kutoka msikitini, ningemwambia nimeharibu, yakaisha. Lakini nilikuwa na mwaka mmoja tu katika nyumba ile na nilitaka kuonekana mkwe mwenye akili. Nikaificha nyuma ya pipa la unga. Kupekuapekua kwenye simu nikagundua kumbe albamu ile ile imetolewa upya kwa santuri, hata rangi ya karatasi ya katikati ni ile ile. Rafiki yangu wa Nairobi akanitumia haraka haraka. Nikaitia kwenye jalada kuukuu la baba, nikajipongeza peke yangu jikoni. Mjinga mimi!

Ijumaa ikafika. Wimbo wa pili ukaanza, baba akainua kidole tayari. Mwimbaji akasema "beibi" mara moja, akapita zake.

Kidole cha baba kikabaki hewani.

"Hapa si palikuwa pakiruka?" akaniuliza.

Nami, Mola anisamehe, nikajibu huku nimeshika birika, "Mie sikumbuki pakiruka, baba. Labda ilikuwa santuri nyingine."

"Sina nyingine, mwanangu," akasema polepole.

Kuiharibu santuri kulikuwa bahati mbaya. Maneno yale ndiyo dhambi yangu. Nilijua vizuri kwamba kaka yake baba alipoteza kumbukumbu kabla ya kufa, mpaka akawa hawajui watoto wake. Baba alimuuguza yeye mwenyewe, na hakuna kitu anachokiogopa kuliko hicho.

Tangu siku ile hakuigusa gramafoni. Akaanza kuandika kila kitu kwenye daftari: nimekunywa dawa, nimefunga mlango, nimeswali alasiri. Nikawa naliona daftari lile mezani, nakata vitunguu, nanyamaza. Wiki saba!

Kisha Jumapili moja akawaita watoto wake wote. Tulipokwisha kula akasema, "Kichwa changu kinaondoka kama cha kaka yangu. Nimetaka niwaage ningali nawajua majina."

Wifi yangu akaangua kilio. Mume wangu akainamisha kichwa. Ah, sikuweza tena! Nikakimbilia jikoni, nikaivuta ile santuri nyuma ya pipa, nikaiweka mapajani mwa baba.

Akaigeuza. Akainusa.

"Udi?"

"Udi, baba. Ilikuwa ikiruka kweli. Mie ndiye niliyeificha."

Wifi alikuwa wa kwanza kucheka, machozi yake hata hayajakauka. Wakafuata wote, na baba mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. Halafu akajifuta macho akaniambia, "Wiki saba, mwanangu, nimekaa najiaga."

Amenisamehe. Lakini siku hizi akikosa miwani huniita, hata mbele ya wageni: "Mwanangu, ni mimi nimesahau, au ni wewe?" Watu hucheka, nami hucheka nao. Huwa naitafuta, naikuta kwenye mfuko wa kanzu yake.

Wiki iliyopita aliniuliza mbona sijampelekea chai. Kikombe kilikuwa mbele yake, kitupu, bado cha moto.

"Ni mimi, au ni wewe?"

Nilitamani kumwambia ni mimi. Nikamwambia, "Ni wewe, baba. Umekwisha kunywa."

Alinitazama muda mrefu, na nikaona wazi kwamba hajui aniamini au asiniamini.

Wenzangu, ukiharibu kitu cha mzee, sema siku ile ile, ugombezwe, ulie, mle mlale. Santuri hupatikana nyingine. Lakini usimwambie mtu kwamba halikuwapo jambo analolikumbuka, kwa sababu itafika siku atakuhitaji wewe umkumbushe.