Tundu Moja Ambalo Émérance Hakulipiga

Saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa kupimia silaha ulio chini ya duka moja la bunduki huko Schaerbeek, Émérance Nabintu anavaa vifuniko vya masikio, anakaa kwenye kiti cha mbao na kuegemeza karabini juu ya mfuko wa mchanga. Juu barabarani tramu inapita, na vumbi kidogo linadondoka kutoka darini. Anasubiri itokomee. Kisha anafyatua mara tano, taratibu, akipumzika baada ya kila risasi.

Karatasi ya shabaha, iliyokuwa mita hamsini mbele yake, inavutwa na mota mpaka mezani. Ina matundu matano. Mama huyu anaondoa vifuniko, anakifungua kiganja chake cha mkono wa kulia na kukilaza juu ya karatasi. Matundu yote yanafunikwa.

"Bon. Hii iko muzuri," anasema. "Carabine nyepesi inafanya hivi, haifanye zaidi. Muntu akikuambia inaingiza cinq balles, risasi tano, mu tundu moja, huyo anakudanganya. Na mimi, kuko benye banadanganya bantu na jina yangu."

Hapo sauti yake inabadilika. Ni mwanamke mpole, mwenye miaka hamsini na minne, na kwa nusu saa nzima ya mazungumzo hakuwa amemnyooshea mtu kidole. Lakini likifika suala la jina lake, anafura.

Karabini anazopima ni bunduki fupi za kulenga shabaha vilabuni, zinazojipakia risasi zenyewe kila mtu anapofyatua. Ni nyepesi, hata mzee anaweza kuibeba kutwa bila kulalamika mgongo. Wepesi huo una gharama yake. Mtutu ni mwembamba, ukishika joto risasi huanza kutawanyika. Aliyeiunda alitaka ibebeke, na ikabebeka. Anayetaka risasi zote zipite tundu moja anunue ile nzito ya mezani, akubali na kuhangaika nayo kama gunia la saruji.

Kila anayeuza bunduki analijua hilo. Hata hivyo, ingia klabu yoyote ya walenga shabaha utakuta ukuta umepambwa kwa karatasi zenye matundu yaliyobanana kama mbegu za papai. Ukiuliza karatasi nyingine ziko wapi, watu wanakohoa. Mtu anapiga karatasi kumi, anatundika moja, tisa zinakwenda kwenye pipa la taka, halafu anawaambia wageni kwamba bunduki yake ndivyo inavyopiga. Wageni wanaamini, wananunua, wanafika uwanjani wanaumbuka. Ni uongo unaovaa tai.

Émérance aliingia katika duka hilo mwaka 2003 akiwa na ndoo na ufagio. Alikuwa ametoka Bukavu miaka minne kabla, yeye na binti yake Gracieuse, baada ya vita kumchukua kaka yake. Kazi aliyopewa ilikuwa kufagia maganda ya risasi na kupiga deki. Mwenye duka wakati huo, fundi mzee aitwaye Roland, aliona jinsi anavyoyapanga maganda kwa ukubwa kabla ya kuyatupa, bila kuambiwa. Akamfundisha kusafisha mitutu. Mwaka uliofuata akamfundisha kurekebisha sehemu ya kulengea. Mwishowe, taratibu zote za kibali zilipokamilika, akamkalisha kwenye kile kiti cha mbao.

"Alinicheka siku ya kwanza," anakumbuka. "Nilifunga macho yote mbili. Aliniambia: Madame Émérance, fungua hata moja, tafadhali."

Roland alikuwa na desturi moja. Kila karabini iliyouzwa ilitoka na karatasi zake zote za majaribio ndani ya sanduku, nzuri na mbaya, zikiwa na saini ya aliyezipiga. Émérance akaongeza ya kwake: karatasi mbaya kuliko zote inalala juu, ili mnunuzi aione kwanza.

Hilo hakulitoa kwa wazungu. Mama yake alikuwa akiuza nyanya katika soko la Kadutu huko Bukavu, na wauzaji wenzake walikuwa wakipanga fungu kwa namna inayojulikana na kila mpishi: zilizoiva vizuri juu, zilizopondeka chini. Mama yake alifanya kinyume.

"Tomate yenye kupondeka alikuwa anaiweka juu," anasema Émérance. "Bantu banapita, banacheka. Lakini mwenye kununua leo, kesho anarudia. Anajua chini hakuna mauvaise surprise, hakuna ya mubaya imefichwa."

Roland alistaafu mwaka 2012, akahamia Ganshoren kwa dada yake, na duka likabaki kwa mkwewe, Thierry. Kijana wa suti zinazobana, hodari wa kuzungumza, mwenye mipango mingi. Alipaka rangi upya, akaweka taa za kisasa, akatengeneza masanduku yenye dirisha la plastiki juu, ili mteja aione karatasi ya majaribio kabla hata ya kuigusa bunduki.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Thierry aliamua kukitembeza. Akaagiza karatasi moja tu ionekane dirishani, iliyo bora. Émérance alinung'unika lakini hakukataa, kwa kuwa zile nyingine bado zilikuwa zikiwekwa chini yake.

Alichokosea Émérance ni jambo dogo la kikazi. Kupima karabini kunachafua mikono. Kufika karatasi ya pili vidole vyote ni grisi na masizi. Kwa hiyo, tangu enzi za Roland, alikuwa na mazoea ya kusaini karatasi nyeupe asubuhi, mikono ikiwa safi, kisha kuzipiga. Karatasi zilizosainiwa zilikaa kwenye rafu, wazi, usoni pa kila mtu. Kwa Roland hilo halikuwa na neno.

Oktoba mwaka jana, yaani 2013, mteja mmoja aliingia dukani Jumamosi, saa ambayo duka hujaa, akiwa amebeba sanduku lake mkononi. Alikuwa mwekundu usoni. Alilibwaga sanduku juu ya kaunta na kuipeperusha karatasi iliyokuwa dirishani: tundu moja tu, limechanika pembeni kama ua, na chini yake saini, É. Nabintu.

"Hii bunduki yenu inatawanya risasi kila mahali," alisema kwa Kifaransa, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Klabu nzima imenicheka. Nani huyu Nabintu?"

Émérance alikuwa karibu na ngazi, ameshika brashi ya mtutu. Akasema ni yeye.

Mteja akamtazama kuanzia viatu mpaka kilemba. "Basi nimeelewa," akasema, na kumgeukia Thierry. "Mnampa mwanamke wa usafi achezee silaha, halafu mnashangaa ikiharibika?"

Hapo ndipo Thierry angeweza kusema neno moja tu na mambo yakaisha. Badala yake aliomba radhi, akaahidi kumrudishia mteja pesa zake, akaongeza kwamba atazungumza na "mhusika". Wateja wengine wakamgeukia mhusika. Mhusika alisimama pale na brashi yake, na hakuna aliyemuuliza chochote.

Mteja alipoondoka, Émérance aliichukua ile karatasi. Hakuwahi kuipiga. Alimfuata Thierry ofisini na kuiweka mbele yake, na cha kushangaza ni kwamba kijana hakujisumbua hata kukana. Alichukua karatasi tupu yenye saini kutoka rafuni, alisema, akaipiga yeye mwenyewe kwa bunduki nzito ya mezani, tena kwa umbali wa mita ishirini na tano. Zile karatasi halisi za karabini alizitupa kwa kuwa hazikuvutia.

"Ni tangazo tu, Émérance," alimwambia. "Kila duka linafanya hivyo. Wewe hukupoteza chochote."

Hakupoteza chochote. Mwanamke ametukanwa mbele ya duka zima kwa kosa ambalo hata hakulitenda, aliyelitenda ameketi kwenye kiti cha ngozi akimfariji. Na ukiutazama mkataba wake wa kazi, baada ya miaka yote hiyo kwenye kile kiti cha mbao, bado umeandikwa kwamba yeye ni mfanyakazi wa usafi. Saini yake inafaa kuuzia bunduki, lakini haifai kupandishwa cheo.

Nyumbani, ghorofa ya tatu katika mtaa uleule wa Schaerbeek, Gracieuse anayahudumia maneno ya mama yake, ambaye sasa anakataa kusaini karatasi nyeupe, kama anavyowahudumia wazee katika nyumba anayofanyia kazi: kwa upole na haraka.

"Maman, saini tu," anasema akimenya ndizi jikoni. "Batu ya huku na karatasi yabo. Kazi ingine iko wapi? Nani atachukua mama wa cinquante-quatre ans?"

"Nabintu haiko jina ya patron," mama yake anamjibu. "Iko jina ya babu yako. Yeye alikufa hana kintu, lakini hakuna mutu alisema alikuwa muongo."

Kanisani nako hakuna nafuu. Bibiane, rafiki yake wa kwaya, anakiri kwamba wapo wanaomwita "maman ya masasi", mama wa risasi, kisogoni. "Banauliza namna gani muntu ya Kivu, kule kwa vita, anaweza kushika ile kintu," anasema. "Hata mimi nilimuuliza."

Émérance analijua swali hilo, na ndilo linalomkata maini kuliko yote.

"Banadhani nilisahau," anasema. Anafuta meza ambayo tayari ni safi. "Kaka yangu, bale balimupiga hawakulenga. Balipiga tu mu nyumba, po po po, nani atakufa atakufe. Kisha banasema: hatukujua kama kulikuwa bantu. Sasa, mimi niko nakaa hapa, napima, nasema: hii inafika hapa, haifike pale. Yote yenye inatoka hapa, najua inaenda wapi. Na huyu mutoto Thierry anakuja kuniwekea uongo. Non. Juu ya kintu kama hii, hapana uongo."

Tangu Oktoba hajasaini karatasi nyeupe hata moja. Thierry alimpa rundo jipya kabla ya Krismasi, akalirudisha. Akampa tena mwezi Januari, safari hii na onyo kwamba mwisho wa Machi atatafuta mtu mwingine wa kukaa kwenye kile kiti, na Émérance atarudi kwenye ndoo na ufagio. Rundo liko pale rafuni, limeanza kushika vumbi.

Sasa anasaini baada ya kupiga, kwa mikono ileile ya kazi. Asubuhi hii, karatasi ya tatu imeshatoka, na ni mbaya: mtutu umepata moto, tundu moja limetorokea pembeni kabisa, nje ya kiganja. Anachukua kalamu. Jina linaandikwa, na kando ya jina linabaki alama nyeusi ya dole gumba.

Thierry anashuka ngazi, anaitazama karatasi na kutikisa kichwa.

"Hiyo chafu haiwezi kuingia kwenye sanduku, Émérance."

"Basi sanduku ikwende bila mimi," anamjibu, na kuiweka juu ya zile mbili nzuri.

Thierry anapanda ngazi kurudi dukani. Mwezi Machi uko karibu, na Émérance hajifanyi kwamba haogopi. Kodi ya nyumba haingoji mtu mwenye msimamo.

Lakini wiki iliyopita alikwenda Ganshoren. Roland, ambaye sasa macho yanamsumbua, alimfungulia gereji ya dada yake na kumwonyesha meza yake ya zamani, jiliwa la kubania vyuma, tupa na brashi, vyote vimefunikwa shuka. Alimwambia achukue. Émérance amejiandikisha kwa mafunzo ya ufundi wa silaha yanayoanza Septemba, atakaa darasani na vijana wa umri wa wajukuu, ili siku moja cheti kiseme kile ambacho mkataba wake umekataa kusema. Baada ya hapo anataka chumba kimoja tu cha kazi yake mwenyewe, hapahapa Schaerbeek, chenye dirisha linalotazama barabara.

Ameshajua dirishani ataweka nini. Anaiinua ile karatasi ya tatu kwenye mwanga, na mwanga unapenya katika lile tundu lililotoroka.

"Nitatundika hii," anasema. "Mubaya kuliko yote, na jina yangu chini. Muntu akiiona, na akiingia quand même, hivyo hivyo, huyo njo client yangu."